Sahani ya Mkulima kwa Mtu wa Mjini: Chakula, Mazoezi na Uzito

Mada iliyotolewa na mratibu wa mradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa vikundi vya akina mama, akina baba na vijana, Bombambili, Songea

  

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na ameniomba niache nafasi ya maswali, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja. Mada iliyoandikwa kwenye ratiba ni "Lishe na Mazoezi". Hiyo ni pana mno kwa siku moja. Nimechukua kipande kimoja tu, kile ambacho ninyi wenyewe mmekuwa mkiniuliza kila tunapopima uzito na presha katika vikundi: mtu akiongeza mazoezi, je, hawezi kuendelea kula anavyokula, hata kuongeza kidogo, na bado akapungua?

Swali hili lina msingi wake, wala si la kuchekwa. Wote hapa tunawakumbuka wazee wetu vijijini, kuanzia Mbinga hadi Namtumbo. Walitoka alfajiri na jembe begani, wakalima mpaka jua kali, wakarudi na mzigo wa kuni au majani ya mbuzi. Jioni uliwekwa ugali ambao leo tungeuita mlima, na ulikwisha. Hakuna aliyehesabu matonge, na kitambi kilikuwa kitu cha mtu mmoja au wawili katika kijiji kizima. Kutokana na hayo watu wengi wamejifunza kwamba chakula hakina kosa, kosa ni kukaa. Vijana wa mazoezi nao wana usemi wao: kimbia, kisha kula utakavyo.

Jibu langu ni kwamba maneno hayo yana ukweli nusu. Nitaanza na nusu iliyo kweli.

Tulipoweka jembe chini

Ipo kazi moja ya utafiti iliyofanyika hapa hapa nchini ambayo ninaipenda kwa sababu ni rahisi kuielewa. Watafiti waliwafuata watu waliokuwa wakihama kutoka vijijini mkoani Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajahama, kisha wakawapima tena baada ya miezi 12. Waliofuatiliwa mpaka mwisho walikuwa 132, wengi wao vijana wa umri wa miaka ishirini na kitu au thelathini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za mwili. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki takriban robo. Kwa wanawake ilishuka kutoka asilimia 38 hivi hadi 16. Na uzito? Wanaume waliongezeka wastani wa kilo 2.3, na wanawake karibu sawa na hizo. Kilo mbili na kitu kwa mwaka mmoja! Mtu akiendelea hivyo kwa miaka kumi, hesabu mnaiona wenyewe.

Msiielewe vibaya taarifa hiyo. Haikusema kwamba mjini ni kubaya kwa kila jambo. Wahamiaji wale walikula nyama zaidi, lakini walikula pia matunda na mboga zaidi kuliko walivyokula kijijini. Jembe ndilo lililowekwa chini, na mwili ukaanza kuweka akiba.

Sasa tujitazame sisi. Bombambili si Dar es Salaam, lakini si kijiji tena. Maji yako bombani au kwa jirani. Unga unasagwa na kukobolewa mashineni, na mama hatwangi. Kuni zimewapisha mkaa, na mkaa unaanza kuipisha gesi. Ukitaka kwenda Soko Kuu, bodaboda iko mlangoni kabla hujafunga vizuri kanga. Mimi simwombi mama yeyote arudi kwenye kinu na mchi ili apungue. Wanaosema mambo hayo kwa kawaida ni wanaume ambao hawajawahi kutwanga.

Lakini wengi wetu hapa bado tunalima, na hapo ndipo penye jambo la pekee la mkoa wetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Mtu wa Songea anafanya kazi nzito kuanzia Novemba au Desemba, analima, anapanda, anapalilia. Wakati huo ghala limepungua, na wengine wanakula kwa kupima. Kisha mavuno yanaingia. Kuanzia Juni chakula kipo, fedha ya mahindi ipo, harusi zinafuatana, na shughuli ya mwili imekwisha. Yaani tunakula kidogo tunapofanya kazi sana, na tunakula sana tunapokaa. Sahani ni ile ile ya mkulima, lakini mkulima yuko likizo. Ninaomba kila mmoja akumbuke uzito wake wa Februari na ule wa Septemba. Katika daftari za vikundi vyetu tofauti hiyo inaonekana wazi, hasa kwa akina baba.

Tulichofundishwa na Wahadzabe

Nusu ya pili ni hii: je, tukirudisha jasho, tutaweza kula kama zamani tukapungua?

Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa iliyowashangaza wataalamu wengi duniani, na ilitoka Tanzania. Timu ya watafiti, akiwemo Herman Pontzer kutoka Marekani na Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikwenda kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Baadhi ya Wahadzabe wa huko bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Watafiti waliwapa watu wazima 30 maji maalumu ya kunywa, na kwa kupima mikojo yao kwa siku kadhaa waliweza kujua mwili wa kila mmoja umetumia nguvu kiasi gani. Walipima pia mwendo. Wanaume walitembea wastani wa kilometa 11 na zaidi kwa siku, wanawake karibu kilometa 6, na wakati mwingine wakiwa wamebeba mtoto au mzigo.

Kila mtu alitegemea kwamba watu hao watatumia nguvu nyingi sana kuliko wafanyakazi wa ofisini wa Ulaya na Marekani. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa miili, matumizi yao kwa siku nzima yalikuwa karibu sawa na ya yule anayekaa kwenye kiti: wanaume kalori 2,600 na kitu, wanawake karibu 1,900.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Mtu anaweza kuuliza, imewezekanaje? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwenye miguu, mwili unabana mahali pengine, hata ndani ya viungo ambavyo huvioni. Tena mtu aliyekimbia asubuhi hukaa zaidi mchana, bila yeye kujua. Mwaka 2021 watafiti walichambua vipimo vya watu wazima zaidi ya 1,700 wakaona kwamba kwa wastani karibu asilimia 28 ya nguvu unayoitumia kwa shughuli za ziada hurudishwa kwa njia hiyo ya kubana. Ukitembea ukachoma kalori 100, hesabu umepata 72.

Watu wa miradi mtanielewa nikisema hivi: ni kama kupewa fedha za semina halafu mhasibu akakata kwenye posho. Fedha zimeingia, ndiyo, lakini si zote ulizozitegemea.

Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wembamba kwa jembe peke yake. Walikuwa wembamba pia kwa sababu ya kilichokuwamo katika sahani, na kwa sababu hakukuwa na kitu kati ya sahani moja na nyingine. Ugali wa dona au wa muhogo, mlenda, maharage, dagaa wa Nyasa. Mafuta yalikuwa ya kugusishwa tu. Sukari ilikuwa ya mgeni. Ile sahani kubwa ilikuwa kubwa kwa macho, lakini baada yake hapakuwa na soda, wala andazi la saa nne, wala chipsi za saa mbili usiku.

Hata wakimbiaji wa Kenya, ambao ndio mfano mkubwa wa mtu anayekula ugali na kuuchoma wote, walipimwa na taarifa ikatolewa mwaka 2004. Walikuwa wanariadha 10, kwa siku 7. Chakula chao kilikuwa wanga kwa zaidi ya robo tatu, ugali ukiwa mbele, na chai yenye sukari nyingi. Walikula karibu kalori 3,000 kwa siku, huku makadirio ya matumizi yao yakifika 3,600. Hao ni watu ambao kazi yao ni kukimbia, asubuhi na jioni. Sasa mimi na wewe tunaokimbia kuzunguka uwanja mara tatu siku ya Jumamosi, tunaongeza sahani ya pili kwa hesabu ipi?

Hesabu ya jikoni

Nimekuja na hesabu chache, na ninaomba akina mama mnisahihishe vipimo, maana jikoni ni kwenu. (Na akina baba sikilizeni, kwa sababu anayepika siye kila mara anayeamua ukubwa wa sahani.)

Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa, mwendo wa kutoa jasho jembamba, anatumia takriban kalori 150. Soda moja ya kawaida ina kalori karibu 140 au 150. Kwa hiyo soda moja imefuta matembezi ya nusu saa, na kuinywa ni dakika tano.

Chai: kijiko kimoja cha sukari kilichojaa kina karibu kalori 20. Anayeweka vitatu, na anakunywa vikombe vitatu kwa siku, amekula kalori 180 kabla hatujataja kitafunwa.

Mafuta ndiyo yaliyojificha kuliko yote. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja kwa wiki, kila mmoja amekula zaidi ya kalori 230 za mafuta kwa siku, na hakuna aliyeyaona. Hapo sijataja chipsi wala vitumbua vya kununua, maana hivyo havitoki kwenye lita yenu.

Unga: gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360. Konzi moja ya unga ya mkono wa mama tumeiweka kwenye mizani ya kikundi ikaonyesha kati ya gramu 40 na 50. Maana yake mama akipunguza konzi moja kwa kila mtu mzima kabla hajasonga ugali, amepunguza karibu kalori 160 kwa kila mmoja. Ni kama kila mtu mzima nyumbani ametembea nusu saa, na hakuna aliyetoka mlangoni.

Ndiyo maana nikiulizwa kipi kianze kwa anayetaka kupunguza kilo, ninasema sahani. Mwili ni mwepesi sana kula na ni mzito sana kuchoma. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700. Kwa matembezi peke yake, bila kugusa chakula, hiyo ni kazi ya miezi, na ni miezi ambayo njaa itakuwa ikikuvuta uongeze kijiko.

Basi mazoezi ni ya nini?

Naona baadhi ya vijana wamefurahi, wanadhani nimewaruhusu wakae. Hapana.

Mazoezi yanafanya kazi ambayo sahani haiwezi kuifanya. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu. Presha inashuka. Moyo unapata nguvu, usingizi unakuja, mawazo yanapungua. Mambo hayo yanatokea hata kama mizani haijasogea, na wapo watu wengi walioacha mazoezi baada ya mwezi mmoja kwa sababu waliitazama mizani tu, wakati presha yao ilikuwa tayari imeanza kuwa nzuri. Kisha kuna jambo la kutunza. Marekani kuna kumbukumbu iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopungua kilo zaidi ya 13 na wakakaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Walio wengi sana kati yao wanafanya mazoezi, wastani wa saa moja hivi kwa siku. Kupungua kunaanzia jikoni, lakini asiyetembea kilo zake zinarudi, tena mara nyingi zinarudi na wenzake.

Na vyote viwili vikiungana, faida yake imepimwa. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kuugua kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa chakula, pamoja na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa msaada huo wala dawa. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 5 na nusu hivi. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba kama mshumaa. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Kwa nini nasisitiza kisukari? Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wazima, ikaonekana asilimia 9 hivi wana kisukari na karibu robo wana presha ya juu. Wengi walikuwa hawajui. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 11 mwaka 1991/92, wakafika asilimia 28 mwaka 2015/16. Katika vikundi vyetu wapo waliopooza upande mmoja, na yupo mwenzetu aliyekatwa mguu. Hao walikuwa ndio wanaolima, ndio waliokuwa wakilipa ada za watoto. Mradi wa mbuzi au wa VICOBA hauwezi kuziba nafasi hiyo.

Nyumba moja, matatizo mawili

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Ruvuma ni ghala la taifa la mahindi. Pamoja na hayo, takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 35.6 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mkoa wetu wamedumaa. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Sisi wenye mahindi tumeupita wastani kwa ubaya. Tena mara nyingine ni katika nyumba ile ile: mama ana kilo 88, baba ana kitambi, na mtoto wa miaka miwili ni mfupi kuliko umri wake.

Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu chakula ni kingi lakini ni kile kile. Ugali asubuhi kama kiporo, ugali mchana, ugali usiku. Mkubwa anajaza wanga kuliko anavyoutumia. Mtoto tumbo lake ni dogo, linajaa uji mwepesi kabla hajapata kinachojenga mwili. Mayai yanakwenda sokoni, maharage yanauzwa, na fedha inarudi nyumbani ikiwa soda.

Kwa hiyo tunaposema "punguza", tuseme nani apunguze na apunguze nini. Mama anayenyonyesha hapunguzi ovyo, anahitaji kuongezewa. Mtoto hapunguziwi kabisa, awe mnene au mwembamba, mpaka mhudumu wa afya amwone. Kijana anayelima kutwa nzima mwezi wa Januari ale ashibe. Anayepaswa kupunguza konzi ni mimi ninayekaa mezani, na mzee mwenzangu mwenye duka, na dada anayekaa na cherehani kutwa. Na konzi iliyopunguzwa kwa wakubwa, thamani yake iende kwenye yai la mtoto. Nimewahi kuona nyumba moja wakifanya hivyo, baba mwenyewe akisimamia, na sikuhitaji kuwahubiria chochote.

Tena kuna njia ya halali ya kuongeza chakula na kupungua, ambayo ndiyo jibu la wanaoniambia hawawezi kulala na njaa. Ongeza mboga. Majani ya maboga, mchicha, matembele, mlenda, vipikwe bila kumwagiwa mafuta. Ongeza maharage, punguza ugali. Sahani itabaki imejaa, tumbo litashiba, na kalori zitashuka. Nusu ya sahani iwe mboga na tonge lipungue. Matunda yaliwe, yasikamuliwe yakatiwa sukari. Dona badala ya sembe pia linasaidia, kwa sababu linashikilia tumbo muda mrefu zaidi, ingawa kalori zake hazipishani sana na za sembe. Msiambiwe kwamba dona halinenepeshi.

Kujinyima kabisa sikushauri. Anayekunywa chai ya rangi tu kutwa nzima kwa wiki mbili anapoteza msuli pamoja na mafuta, kisha siku anayovunja mfungo wake huo anakula kwa hasira. Dawa za kupunguza tumbo zinazotembezwa na wachuuzi, nyingine hazina hata maandishi ya kilichomo. Fedha hiyo nunueni viatu vya kutembelea.

Majirani watasema nini?

Katika mazungumzo ya vikundi nimegundua kizuizi kikubwa si njaa wala uvivu. Ni maneno ya watu.

Mtu akipungua hapa mtaani, la kwanza kunong'onwa ni kwamba ameupata ugonjwa. Tumeishi miaka mingi na UKIMWI katika mkoa huu, tumezika wengi waliokuwa wamekonda, na macho yetu yamezoea kusoma wembamba kama kifo na unene kama uzima. Mume naye anaogopa: mke akipungua watasema hamlishi. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba yuko tayari kubaki na presha kuliko kuulizwa na mawifi kila Jumapili. Hilo si jambo la kumcheka. Na wapo wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi ambao wameongezeka uzito baada ya kupona vizuri. Hao nao wana haki ya kushauriwa kuhusu uzito wao katika kliniki zao, wala wasiambiwe washukuru tu kwamba wamenenepa.

Ndiyo maana napendekeza mambo haya yafanywe na kikundi, si na mtu mmoja mmoja. Kikundi kizima kikitembea kwenda mazoezi ya kwaya na kurudi, hakuna wa kunyooshewa kidole. Mama wa miaka 55 hawezi kukimbia barabarani peke yake na suruali ya michezo hapa Bombambili, tuseme ukweli, lakini wanawake kumi na wawili wenye kanga wakitembea haraka kuelekea upande wa Matogoro saa kumi na mbili asubuhi, ni kundi la watu wanaokwenda shughulini. Wale wanaoshuka mjini kila siku kwa bodaboda wanaweza kupanda wakati wa kurudi tu, na nauli ya kwenda wakaiweka kwenye sanduku la kikundi.

Tahadhari kabla ya kuanza

Wenye kisukari wanaotumia sindano za insulini au vidonge kama glibenclamide, nisikilizeni vizuri. Msipunguze chakula na kuongeza mazoezi kwa wakati mmoja bila kuongea na daktari au muuguzi wenu. Dawa hizo zinashusha sukari, mazoezi yanashusha, njaa inashusha, na vyote vitatu vikikutana mtu anaweza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuanguka. Mkitoka kutembea bebeni kitu cha sukari mfukoni. Hapo, na hapo peke yake, ndipo nitakapowatetea peremende na soda. Mwenye maumivu ya kifua, au anayekosa pumzi akipanda kilima kidogo tu, aende hospitali kwanza. Wenye miguu yenye ganzi wavae viatu vilivyofunika, na wakague nyayo zao kila jioni.

Kwa wale wasio na mizani nyumbani, kipimo ni kamba. Chukua kamba isiyovutika, pima urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini, ukate hapo. Ikunje mara mbili iwe nusu, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako kiko ndani ya nusu ya urefu wako na hali si mbaya. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama watu wanakusifia kwamba umependeza. Makatibu wa vikundi wanazo kamba hapa mbele, na pale pembeni kuna pazia kwa akina mama. Waliopimwa wiki ya kwanza warudi baada ya majuma manane, wakiwa na daftari la konzi na la matembezi. Nitakaa hapa mpaka saa nane, na maswali ya faragha nitayapokea.